Tunalipia Shaba Tu, Sumu Tunawaachia Wengine

Wasee, hebu fungua ile droo. Unaijua. Kila keja Nairobi iko nayo, hata kama ni bedsita. Ndani kuna simu ya kubonyeza iliyokufa zamani, chaja tatu zisizoingia kwa simu yoyote, spika za masikio zenye upande mmoja unaimba na mwingine umenyamaza, pawabenki iliyofura kama mandazi, na rimoti ya TV ambayo hamna tena. Hakuna anayezitumia na hakuna anayezitupa. Halafu siku ya kuhama inafika. Unazimwaga zote kwa juala la takataka pamoja na maganda ya viazi, unaweka nje ya geti, asubuhi hazipo.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo "hazipo". Kwa sababu ziko. Zimeenda tu kwa mtu mwingine, na mara nyingi huyo mtu ni rika letu.

Nitasema msimamo wangu mapema ndio usipoteze bando ukiutafuta. Tumezoea kuambiwa shida ya taka za kielektroniki Kenya ni watu kukosa ustaarabu. Mimi naona shida ni bei. Kwenye simu au laptopu iliyokufa, kuna vitu vichache ambavyo mtu atakulipa pesa. Shaba inalipwa. Alumini inalipwa. Sumu hakuna anayeilipia. Kwa hivyo shaba inatolewa haraka kwa njia rahisi, ambayo ni moto, na sumu inaachiwa mtoto wa jirani aivute na hewa.

Hesabu kidogo, haitachukua muda

Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukue kama daktari wa chochote. Lakini kusoma sikuacha, na hizi namba ziko wazi kwa kila mtu.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizorekodiwa kwamba zilikusanywa na kurejelezwa kwa njia inayoeleweka ni asilimia 22.3. Ukikutana na watu watano barabarani, ni kama mmoja tu ndiye simu yake mbovu inajulikana ilifika wapi. Ripoti hiyo hiyo inakadiria kwamba kufikia 2030 tutakuwa kwa tani milioni 82.

Na hizi si takataka za bure. Vyuma vilivyokuwa ndani ya mzigo wa 2022 vilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 91. Dhahabu pekee ilikuwa dola bilioni 15. Kuna watu wanachimba milima kutafuta kitu ambacho sisi tunakiweka chini ya kitanda na soksi zilizopoteza wenzake.

Kenya, makadirio ya 2019 yalikuwa karibu tani 51,000 kwa mwaka. Ukigawa, ni kama kilo moja kwa kila Mkenya. Mwaka huo huo, Mmarekani wa kawaida alikuwa anafikisha kilo 21. Utasema, basi sisi tuko sawa, wacha Wamarekani wajipange. Poa, lakini kuna mambo mawili. La kwanza, wao wako na mashine, sheria na viwanda, sisi tuko na kiberiti. La pili, sehemu ya vitu vyao huishia huku kama mtumba. Ile laptopu uliuziwa "imetoka Uingereza, iko safi" ina maisha mafupi mbele yake, na mazishi yake yatafanyiwa hapa.

Kwa graundi vitu ni tofauti

Safari yenyewe iko hivi. Mtu wa kubeba takataka anachukua juala lako. Kabla lifike dampo, limeshapekuliwa mara mbili. Mwenye mkokoteni anatoa kilicho na chuma. Anachopata anapeleka kwa mizani ya skrapu, pale penye mabati na mlima wa friji kuukuu, na huko kila kitu kina bei yake kwa kilo. Chuma bei ya chini, alumini inapanda kidogo, shaba ndiyo mfalme.

Sasa waya iko na shaba ndani na plastiki nje, na mwenye mizani anataka shaba safi. Kuna njia mbili: ukae na kisu uichune plastiki pole pole hadi jioni, ama uwashe moto dakika kumi. Njaa ikiuliza, jibu linajulikana.

Nilienda kushuti video kando ya mto upande wa Eastlands, nikapata vijana watatu wakichoma nyaya kwa godoro kuukuu, kwa sababu sponji inashika moto haraka. Mmoja alikuwa amefunga tisheti puani. Nikamuuliza kama hajui huo moshi ni mbaya. Akanicheki tu, akasema, "Bro, najua. Wewe unajua kodi ni tarehe ngapi?"

Sikuwa na jibu la maana. Ndiyo maana mimi sipendi zile kampeni zinazoenda kwa vijana kama hao na fulana nyeupe kuwafundisha kwamba moshi unaua. Wanajua kukuliko. Wao ndio wanakohoa.

Nini kiko kwa huo moshi

Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC. Ukiichoma kwa moto wa chini hivyo, inatoa dioksini, familia ya sumu zinazohusishwa na saratani na kuvuruga homoni na kinga ya mwili. Dioksini haipotei na upepo. Inatua kwa udongo, kuku anadonoa, inaingia kwa mafuta ya yai, yai linaingia kwa chapo yako. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakijitafutia chakula Agbogbloshie, mahali palipokuwa maarufu kwa kuchoma vifaa vya elektroniki huko Accra, Ghana. Yai moja tu lilikuwa na dioksini mara 220 ya kile mtu mzima anaruhusiwa kwa siku kwa kipimo cha Ulaya. Yai moja, wasee. Na sisi huwa tunalipa zaidi kwa sababu ni kienyeji.

Halafu kuna madini ya risasi. Si ile ya bunduki, ingawa kazi yake haiko mbali. Iko kwa solda za vifaa vya zamani, kwa betri za gari na zile kubwa za sola, na kwa kioo cha zile TV zenye mgongo mkubwa. Unakumbuka 2015 tulipohamishiwa dijitali, Great Wall ngapi zilitolewa sebuleni? Kioo cha kila moja kina risasi. Vijana huzipasua kutoa ile koili ya shaba kwa shingo ya kioo, vipande vinabaki hapo hapo penye watoto wanacheza.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaingia kwa ubongo: inapunguza akili, inafanya asitulie darasani, na haya hayarudi nyuma. Mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni. Na mwili unaificha kwa mifupa kwa miaka.

Ongeza zebaki kutoka kwa mirija ya taa na skrini za zamani, kadmiamu kutoka kwa betri za aina fulani, ambayo inakula figo, na zile kemikali zinazochanganywa na plastiki ya kompyuta ili isishike moto. Hizo nazo zikichomwa, kaa mbali.

Mwaka 2007 UNEP, ambao wako hapa tu Gigiri, walitoa utafiti kuhusu dampo la Dandora. Watoto 328 wa maeneo ya karibu walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi kwa damu kupita kiwango kilichokuwa kinakubalika kimataifa wakati huo. Ukweli usemwe, Dandora inapokea kila aina ya taka, si elektroniki pekee. Lakini hao watoto leo ni watu wa umri wetu. Kuna wenye tulikaa nao darasa moja, mwalimu akiwaita wajinga.

Na usijidanganye ati wewe unaishi Kilimani. Mto Nairobi unapita kando ya Dandora, unaungana na Athi, na unamalizikia Bahari Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Njiani kuna watu wanamwagilia sukuma wiki na hayo maji. Hiyo sukuma haiulizi unalipa kodi ngapi kabla iingie kwa sahani yako.

"Si kuna kurejeleza?" Ngoja nikuambie kuhusu Owino Uhuru

Hapa ndipo watu wengi hupumua. Wanaona ile alama ya mishale mitatu ya kijani, wanadhani story imeisha. Lakini neno "urejelezaji" halisafishi kitu. Inategemea unafanywa na nani, vipi, na nani anaishi ng'ambo ya ukuta.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda Mombasa, karibu watu 3,000. Kando yake kulikuwa na kiwanda cha kurejeleza betri kuukuu. Kwa karatasi ilikuwa kitu kizuri: kazi kwa watu, betri hazitupwi ovyo, risasi inayeyushwa inauzwa nje. Kwa graundi, moshi uliingia kwa nyumba na maji machafu yakapita katikati ya watu.

Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa pale. Mtoto wake aliyekuwa ananyonya akaanza kuugua, madaktari wakazunguka na kila ugonjwa wanaoujua, mwishowe ikapatikana ni sumu ya risasi. Aliacha kazi, akaanza kugonga milango. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Lakini sikia sehemu ya haki. Kesi ni ya 2016. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hiyo fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Toka kiwanda kifungwe hadi hapo ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza sasa anafuga ndevu.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tutajenga kiwanda cha kurejeleza, vijana watapata kazi", swali langu la kwanza ni moja: sumu itaenda wapi, na nani analipia ienda huko?

Rudi kwa bei

Ndiyo maana nasema hii ni story ya bei. Leo yule kijana wa mto analipwa kwa shaba pekee. Hebu fikiria mwenye mizani angeambiwa: leta waya na plastiki yake, tutakulipa vizuri kushinda iliyochomwa. Leta TV nzima, kioo hakijavunjwa, kuna pesa yako hapa. Nani angepoteza muda kutafuta godoro la kuchoma?

Na hii si ndoto yangu ya saa nane usiku. Ghana wamejaribu. Pale Accra, mradi uliofadhiliwa na Wajerumani ulifungua kituo cha kununua nyaya ambazo hazijachomwa, kwa bei inayoshindana na ya mitaani. Wazo ni rahisi: usimnyang'anye mtu riziki yake, nunua kitu kabla hakijafika kwa moto.

Linganisha na venye sisi huwa tunafanya. Januari 2022, baada ya nguzo na laini za stima kuharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Mara moja. Miezi michache baadaye ikarudi. Hapo katikati kuna watu walilala njaa, na hakuna waya hata moja iliyojifunza kujichuna yenyewe. Mnaona vile serikali inaweza kuharakisha shaba yake ikiguswa? Mapafu ya watu yanangoja mahakama miaka kumi.

Nani alipe?

Mwenye alileta kitu sokoni. Na hii si maoni yangu tu, iko kwa sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mzalishaji ana wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuuza, na kanuni za kufafanua huo wajibu zilichapishwa 2024. Kwa lugha ya mtaa: ukiingiza simu milioni moja, lazima uchangie kuzikusanya zikifa. Sheria tuko nayo. Sasa iende kwa mizani ya skrapu. Kama pesa ya hao waingizaji itaishia kwa warsha za hoteli na mabango ya siku ya mazingira, tumefanya kazi bure.

Najua mtu ashaanza kuandika: "Wewe si ulikuwa barabarani Juni 2024 ukipinga ecolevy?" Nilikuwa, na siombi msamaha. Ule Mswada wa Fedha ulitaka kututoza ushuru wa mazingira juu ya simu na kompyuta, vitu ambavyo wengi wetu ndivyo jembe letu. Tuliuliza pesa itaenda wapi, hatukupata jibu la kuaminika, na mswada ukarudishwa. Lakini kukataa ushuru usio na maelezo si kusema takataka haipo. Tofauti iko hapa: ushuru unaingia kwa kapu kubwa la serikali na unatumaini utaikumbuka Dandora. Wajibu wa mzalishaji unatakiwa kupelekwa moja kwa moja kwa kukusanya na kusafisha. Wa pili tunaweza kuufuata shilingi kwa shilingi. Tudai hesabu iwekwe wazi: nani amelipa, wamekusanya kilo ngapi, mwenye mkokoteni amepewa ngapi.

Bei ya simu itapanda? Labda kidogo. Lakini usiseme sasa hivi ni bure. Inalipwa tayari, ni vile tu risiti inapelekwa kwa mtoto wa mtu mwingine.

Na mpaka nao uangaliwe. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zozote za kielektroniki zinazovuka mpaka zipate kwanza idhini ya nchi inayozipokea. Mwanya uliobaki ni lile neno "mtumba". Kontena likisema ni vifaa vilivyotumika na nusu havizimi wala haviwaki, hizo ni takataka zenye pasipoti.

Wape heshima mafundi

Kabla hatujafika kwa kurejeleza, kuna mtu anafanya kazi kubwa zaidi na hatumwiti shujaa wa mazingira. Fundi wa simu. Panda zile ngazi za Luthuli uone watu wanabadilisha kioo, betri na mfumo wa chaji kwa simu ambayo kampuni yake ishaisahau. Kila mwaka anaouongezea simu yako ni mwaka mmoja mpya haijanunuliwa. Shida ni kwamba simu zinagundishwa siku hizi kama zinaogopa kufunguliwa, vipuri halisi ni ghali, na vya bei rahisi vinakufa baada ya wiki. Tukidai kitu kwa hizi kampuni, tudai vipuri na betri inayotoka. Hiyo ingesaidia kuliko boksi lililochorwa majani.

Sasa wewe na droo yako

Sitaki uende ukidhani ni lazima ungoje serikali. Wiki hii:

Kinachofanya kazi, uza ama upatie mtu. Simu inayozeeka kwa droo inapoteza bei kila mwezi.

Kilichokufa, usikivunje na usikichanganye na takataka za jikoni. Futa data yako, toa laini, kiweke kizima. Nairobi kuna WEEE Centre ambao kazi yao ni hii. Kusanyeni ploti nzima, boksi moja, mtu mmoja apeleke.

Pawabenki na betri iliyofura, usiitoboe wala usiichaji "mara ya mwisho". Betri za lithiamu zikitobolewa zinawaka, na moto wake ni wa ukaidi. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na uipeleke ya kwanza. Hii ni pamoja na zile vepu za kutupa. Ndani ya kila moja kuna betri ya lithiamu, na mnazitupa kwa mitaro kila wikendi.

Mtu wa mkokoteni akipita, ongea naye kama mtu. Muulize vitu anapeleka wapi. Yeye anajua hii biashara kuliko sisi wote na kuliko wengi wanaoandika sera zake.

Na tukiitwa tena kutoa maoni kuhusu kanuni za taka, wale tunaojua kujaza barabara tujue pia kujaza ule ukumbi. Swali la kuuliza ni fupi: kifaa kizima kitalipwa ngapi, na wapi?

Haya. Niambie droo yako iko na nini. Yangu iko na taa mbili za kushutia zilizokufa na kamera moja ambayo fundi bado anaipigania.